Mabomba Matano ya Matope

Matope yaliingia nyumbani kwetu Alhamisi mchana, mgongoni mwa mbebaji aliyepanda ngazi zote za mtaa wetu juu ya Nyawera bila kupumzika hata mara moja. Alikuwa amekatazwa kuutua mzigo. Nyuma yake alikuja yaya wangu, mikono mbele kama mtu anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea, akirudia maneno yale yale: "Polepole, papa. Polepole, papa." Kwetu Bukavu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa. Wangu ni dada, ananizidi miaka minne, na siku ile suruali yake ilikuwa imelowa maji ya ziwa mpaka mapajani.

"Na hii ni nini?" mama aliuliza bila kutoka kwenye cherehani yake.

"Matope, maman."

"Matope?" Mama alimtazama mbebaji, akautazama mlango, akakitazama kilima nyuma ya mlango, ambacho kila mvua hutuletea matope mpaka kizingitini bila kuombwa. "Umetafuta mutu akuletee matope, mu nyumba hii?"

Mbebaji alicheka, mzigo ukatikisika mgongoni mwake, na yaya akapiga kelele kama aliyechomwa moto.

Yalikuwa mabomba matano ya plastiki ngumu, yenye kuonyesha ndani kama kioo, kila moja refu kama mkono wa mtu mzima. Yalisimama ndani ya bidoni, dumu la njano lililokatwa juu, yamezungushiwa matambara yasigongane. Tuliyaweka katika chumba cha nyuma, kile kisicho na dirisha, ambamo mama huhifadhi vitambaa vya wateja. Yaya akalowanisha magunia, akayafunika. Kisha akanionyesha, kwa mwanga wa simu, kile alichokuwa amekitoa chini ya ziwa.

Juu kabisa, maji safi mpaka kwenye mfuniko, bila nafasi ya hewa hata ya kucha. Chini ya maji, utando mwembamba wa hudhurungi, laini kama malai ya kakao. Na chini ya utando huo, weusi. Sijui niuite weusi gani. Si wa makaa wala wa usiku. Ulikuwa weusi unaong'aa kidogo, wenye mistari ya kijivu hapa na pale, na ulishuka mpaka mwisho wa bomba. Ubavuni mwa kila bomba kulikuwa na mstari wa matundu madogo, moja chini ya jingine, yamezibwa kwa skochi pana ya kubandika. Kwa matundu hayo, alisema, angeingiza sindano na kunyonya maji yaliyojificha ndani ya matope.

Mimi huandika riwaya. Nilipokuwa na miaka ishirini nilidhani kila kitu duniani kinangoja nikiandike, na bado sijapona vizuri ugonjwa huo. Niliuliza, "Na kwa nini meusi hivi?" nikiwa tayari na jibu langu mwenyewe, la kishairi.

Yaya hakuwa na muda wa ushairi. Alinieleza kama anavyowaeleza watoto wa jirani hesabu. Kila kitu kinachokufa katika ziwa huanguka chini: mwani, magamba ya sambaza wetu wadogo kama dagaa, majani, udongo wa vilima vyetu, na vyote tunavyovitupa kwenye mifereji. Chini kule kuna vijidudu visivyoonekana, navyo hula. Kwanza hula kwa kutumia hewa iliyomo majini. Hewa ikiisha, na huisha haraka, unene wa kidole tu chini ya uso wa matope, hutumia kutu ya chuma badala ya hewa. Kutu ikipungua, hutumia chumvi za salfa, na hapo ndipo harufu ya yai bovu inapotoka na matope kuwa meusi. Chini zaidi, ambako hakuna kilichobaki cha kutumia, hutoa gesi.

"Donc matope mapya haiko kitu kilichokufa," alisema. "Iko inafanya kazi. Kila siku inabadilika."

"Na wewe unatafuta nini ndani?"

"Fosfati. Ile ya sabuni, ya vyoo, ya mashamba. Kutu inaishika, inaikumbatia hivi." Alijikumbatia. "Lakini kutu ikiliwa, mikono inafunguka. Fosfati inarudi mu maji. Mwani unaikula, unaota, unaoza, unamaliza hewa ya samaki. Nataka kujua: chini ya ghuba yetu, matope inashika ao inarudisha?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la mémoire yake, kazi ya kumalizia miaka mitano ya chuo. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo nyumbani kwetu halikuhitaji kusemwa. Idara yake ilikuwa na nafasi moja ya assistant, mwalimu msaidizi, moja tu, kwa atakayetetea kazi yake katika kikao cha kwanza cha mwaka na kupata distinction, alama za juu. Profesa aliyemsimamia alimwambia wazi kwamba jina lake ndilo analolifikiria. Lakini maabara ilikuwa ikifanya kazi siku moja moja, tangu mambo ya mji yaharibike na umeme kuwa wa kubahatisha, na yaya alikuwa amepewa Jumatatu. Jumatatu ile, mashine ile, fundi yule. Baada ya hapo hakukuwa na Jumatatu nyingine kabla ya kikao.

Ijumaa asubuhi tukaletewa habari: shangazi yetu wa Kabare amefariki. Mama goti lilikuwa limemvimba, hawezi kupanda gari. Kwetu kilio hakiachwi bila mtu wa nyumba, na anayekwenda ni mkubwa. Yaya alifunga kitenge juu ya suruali, akasimama mlangoni mwa chumba cha nyuma kama mtu anayeacha mgonjwa.

"Mudogo wangu, unaichunga. Isianguke. Isipate joto, ulowanishe magunia kila saa. Mwanga hapana. Moja ikianguka, nimeisha. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Usiniandikie roman hapa. Chunga tu."

Akaenda. Hakusema usifungue. Nimelirudia jambo hili moyoni mara nyingi, mwanzoni kama utetezi, baadaye kwa aibu. Hakusema kwa sababu kwake lilikuwa wazi mno. Nani angefungua?

Nililowanisha magunia kila saa, kwa kengele ya simu. Mchana, saa tisa, joto lilikuwa limeingia hata kwenye chumba kile kisicho na dirisha, joto zito la kabla ya mvua. Niliinua gunia. Ndani ya weusi kulikuwa na mapovu. Yalikuwa yamejitengenezea vyumba vidogo kwenye matope, na mengine yalikuwa yamefika kwenye matundu ya ubavuni. Skochi zilikuwa zimevimba, moja baada ya nyingine, kama malengelenge mguuni mwa aliyetembea mbali. Mifuniko ya mpira juu nayo ilikuwa imetuna.

Hapa lazima niseme kuhusu kasiksi. Bibi yetu, mama yake mama, alikuwa mpishi wa kasiksi, pombe ya ndizi, huko Walungu, na likizo zetu zote zilinukia ndizi mbivu na moshi. Watoto tulikuwa na kazi moja: kuzungukia bidoni za kasiksi iliyoanza kuchacha na kulegeza vifuniko, nusu mzunguko, kuiacha ipumue, kisha kukaza tena kidogo. Bidoni iliyosahauliwa ililipuka mara moja mbele yangu nikiwa na miaka saba, ikamwagikia ukuta na paka na kikapu cha maharage, na nilipigwa mbele ya wanunuzi. Tangu siku ile mkono wangu unajua: kitu kinachotuna hakiachwi kimefungwa.

Mama alikuwa nyuma yangu, ameegemea fremu ya mlango kwa sababu ya goti.

"Iko inachacha," alisema.

"Italipuka, maman."

"Sasa unangoja nini? Ipumue. Hata bibi yako angekuambia."

Nililegeza mfuniko wa bomba la kwanza. Lilipumua kweli, sauti ndogo kama mtu anayevua kiatu kilichombana. Nikainua pembe za skochi, moja moja, nikaziacha hivyo. Kila tundu lilitoa povu, kisha tone la maji, kisha likatulia. Harufu ya yai bovu ilijaa chumbani, mama akaziba pua kwa kanga akacheka: "Hii kasiksi nani ataikunywa?" Bomba la pili. La tatu. La nne. Nilihisi utulivu, hata fahari. Nilikuwa nimeokoa kitu. Nilipofika la tano mvua ikapiga bati kwa mpigo mmoja, na unga wa muhogo ulikuwa nje juu ya shuka. Nikakimbia. Niliporudi nimelowa, na unga nusu umekuwa uji, sikulikumbuka tena bomba la tano.

Jumamosi asubuhi niliinua gunia.

Kuzunguka kila tundu nililolifungua kulikuwa na duara la hudhurungi. Kila bomba, kati ya yale manne, lilikuwa na safu ya macho ya rangi ya kutu yaliyonitazama kutoka kwenye weusi. Maji ya juu yalikuwa yameshuka vidole viwili, na mahali pake palikuwa na hewa. Matone yalikuwa yametiririka ubavuni yakakauka yakiacha michirizi ya rangi ya chungwa. Bomba la tano lilisimama kati yao, limevimba, jeusi, limefungwa, halikulipuka.

Sikuwa na elimu ya yaya, lakini nilikuwa na maelezo yake ya Alhamisi, na yalinitosha. Hewa ilikuwa imeingia. Kutu ilikuwa imezaliwa upya. Na kutu hushika. Alijikumbatia mbele yangu kunionyesha. Ile fosfati aliyotaka kuipima ikiwa huru ndani ya maji, mimi nilikuwa naifunga mikono saa ile ile nikiwa nimesimama pale na gunia mkononi.

Nilibonyeza skochi zote kwa kidole gumba, kwa nguvu, mpaka kucha ikauma. Nilijaza maji ya kunywa juu ya bomba moja, kisha nikaogopa kwamba hilo ni baya zaidi, nikaacha. Nilifunika. Nilifunua. Je, yalikuwa yameongezeka? Nilipima duara moja kwa ncha ya kalamu. Nilifunika tena.

Saa nne simu ikalia. Nilikuwa nimevaa shati langu zuri. Jumamosi ndiyo siku ya mkutano wa kikundi chetu cha waandishi vijana, katika ukumbi wa parokia, na siku ile ilikuwa zamu yangu kusoma sura ya kwanza ya riwaya yangu. Wenzangu kumi na wawili walikuwa wakiningoja. Kwenye simu nilisikia kwanza wanawake wakiimba, kisha sauti ya yaya, imekauka kwa kulia.

"Matope iko je?"

Nilikuwa na sekunde. Nakumbuka zilikuwa nyingi, sekunde za kutosha kabisa. Niliona uso wake pale kilioni, niliona shati langu, nilijiambia nisimtwishe mzigo juu ya msiba.

"Iko sawa," nikasema.

"Zote?"

"Zote, yaya. Usiwaze."

"Asante, mudogo wangu. Mungu akubariki." Akakata.

Nilisoma sura yangu. Walisema lugha yangu inatiririka. Mmoja alisema sentensi zangu zina ukweli wa damu, na nikaomba ruhusa ya kutoka. Nilisimama nyuma ya ukumbi, nikaliangalia ziwa kule chini kati ya mapaa, upande wa Ibanda, bluu bila doa, kama kitu kisicho na chini. Nikatoa simu. Nikalitafuta jina lake. Nikairudisha mfukoni. Nilifanya hivyo mara tatu.

Nyumbani mama alikuwa ameingia chumba cha nyuma kutafuta kitambaa cha mteja.

"Zile chupa zako ziko na ugonjwa wa ngozi," aliniambia.

"Naona, maman."

"Yaya yako anajua?"

"Nitamwambia."

"Utamwambia lini? Ao unangoja Noeli?" Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Ni mimi nilikuambia ifunguliwe. Sema ni mimi."

Hilo lilinitesa kuliko yote. Mama yangu, na goti lake, alikuwa tayari kusimama mbele yangu.

Yaya alirudi Jumapili alasiri, nywele zina majivu ya moto wa kilioni, miguu imevimba. Aliuliza tena, nikasema tena, safari hii kwa kutikisa kichwa tu, kana kwamba kichwa hakidanganyi. Alichungulia mlangoni, akaona magunia yamelowa vizuri, akapapasa bega langu, akalala na viatu. Nilikaa kwenye kiti karibu naye nikisema moyoni: akiamka. Aliamka kunywa maji. Nikasema: akimaliza kunywa.

Jumatatu asubuhi tuliyabeba mabomba mpaka maabara, yeye matatu, mimi mawili, yamefungwa katika magunia kama watoto wachanga. Njia nzima alizungumza. Alikuwa na furaha ya mtu aliyezika kwa heshima na sasa anageukia maisha. Alinieleza atakavyoanza, tundu la juu kwanza, sindano safi kwa kila tundu. Mimi nilikuwa nikihesabu mita zilizobaki.

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye meza ya vigae. Fundi alikuwa nje akihangaika na jenereta. Yaya alilifungua gunia la kwanza.

Aliinama akaliangalia bomba, tundu kwa tundu. Kisha akafungua la pili, la tatu, la nne, bila haraka, akayapanga mezani kwa mstari. Lile la tano akaliweka pembeni. Alipitisha kidole juu ya skochi, mahali ilipokunjika na kubandikwa tena.

"Hii ilifunguliwa."

"Ilikuwa inavimba, yaya. Nilidhani italipuka. Nilifanya kama kasiksi."

"Kama kasiksi." Alirudia bila kunitazama. Nilidhani atacheka, kwa maana kwa sekunde moja mdomo wake ulitaka. "Lini?"

"Ijumaa. Saa tisa."

Aliinua macho. Sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu anayenipenda.

"Jumamosi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Jumapili, mwenye mtumbwi aliyenipeleka ku ziwa alikuwa huru siku nzima. Profesa, promoteur yangu, iko na mabomba mengine matatu mu bureau yake. Ningeshuka kutoka Kabare saa ile ile. Jumapili asubuhi tungekuwa ku ziwa." Hakupandisha sauti. Alikuwa anahesabu tu, kama anavyohesabu kila kitu. "Kufungua, hiyo ni mimi, sikukuambia. Lakini *iko sawa*, hiyo ni ya nani?"

Jenereta ilishika nje. Taa zikawaka. Fundi akaingia akifuta mikono: "Bon, tunaanza? Mafuta haingoji."

Yaya alivaa glavu. "Leta sindano," aliniambia. "Tunapima zote."

Tulifanya kazi mpaka saa tisa. Mimi nilikuwa nampa sindano na kuandika namba za vichupa vya maji aliyoyanyonya, na hakuna neno lililopita kati yetu ila namba. Majibu yalipotoka kwenye mashine aliyaandika kwa mkono katika jedwali. Hata mimi niliona. Mabomba manne yalikubaliana kama kwaya: fosfati kidogo, chuma kidogo, maji ya matope karibu safi. Bomba la tano peke yake lilisema kinyume, na lilisema kwa nguvu.

Profesa aliingia wakati tunasafisha meza. Mabomba yalikuwa yamesharudi ndani ya magunia. Mzee mpole, miwani kwenye paji la uso, aliishusha na kulisoma jedwali akiwa amesimama.

"Ah! Lakini hii ni nzuri. Angalia: moja, mbili, tatu, ine. Sawa sawa. Matope inashika! Hiyo ni habari njema kwa mji." Alipiga jedwali kwa ukucha. "Hii ya tano ilipata accident, hapana? Inatokea. Unaitoa, unaweka nota ndogo chini ya ukurasa. Ine inatosha kabisa. Wiki ijayo uniletee sura yote, tunaingia kikao cha kwanza."

Nilimtazama yaya. Alikuwa ameshika ukingo wa meza. Hakuna mtu aliyejua isipokuwa sisi wawili, na mama, aliyeyaita ugonjwa wa ngozi. Mabomba manne dhidi ya moja. Mwanafunzi gani angelaumiwa kwa kuwafuata walio wengi? Nafasi ya assistant ilikuwa pale mezani, imeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe. Na nakiri: sehemu yangu ilitaka aseme ndiyo. Ilitaka kwa uchu. Angesema ndiyo, kosa langu lingeyeyuka, lingekuwa hata baraka.

"Hapana, papa," yaya alisema. "Ya tano ndiyo iko nzima. Ile ine iliingia hewa."

"Iliingia hewa namna gani?"

"Niliacha nyumbani bila kuelekeza vizuri. Skochi zilifunguliwa."

"Zilifunguliwa na nani?"

Alinyamaza. Nilielewa kwamba angenyamaza mpaka jioni kama ingehitajika, na kwamba hakufanya hivyo kwa upendo peke yake, bali kwa sababu alikuwa amechoka kunisubiri niseme.

"Ni mimi, papa profesa," nikasema. "Ijumaa. Na Jumamosi aliponipigia simu nilimwambia ziko sawa."

Profesa alipandisha miwani tena kwenye paji la uso. Alitutazama mmoja baada ya mwingine kama mtu anayejaribu kujua nani mgonjwa na nani msindikizaji.

"Bomba moja si mémoire," alisema mwishowe. "Mnajua hiyo."

"Tunajua," alisema yaya.

"Kikao cha pili, basi. Ile nafasi haitangoja."

"Najua, papa."

Alipotoka, aliacha mlango wazi. Yaya alilikunja jedwali mara mbili akalitia mfukoni. Nyumbani mama aliziangalia nyuso zetu akaanza kushona kitu kisicho na haraka.

Siku tisa hakuniambia neno lisilo la lazima. Chumvi. Maji. Mlango. Siku ya kumi alikuja na daftari la maabara, akaliweka juu ya karatasi za riwaya yangu.

"Wewe ni muandishi. Andika kilichofanyika. Nitaiweka nyuma ya mémoire, pamoja na namba za yale mabomba ine. Batu waone hewa inafanya nini."

Niliandika kurasa tatu usiku na mchana. Niliweka mvua juu ya bati, niliweka bibi, niliweka macho ya kutu yanayonitazama. Alisoma akiwa amesimama.

"Nzuri sana," alisema. "Saa iko wapi? Hapa hakuna saa. Hakuna kama ulifungua tundu ngapi. Hii macho ni ya nini?"

Niliandika tena. Ukurasa mmoja. Akarudisha. Mara ya tatu nilibakiwa na mistari kumi na mmoja. Ijumaa, saa tisa mchana: bomba la kwanza hadi la nne, mifuniko ililegezwa, skochi za matundu yote ziliinuliwa pembe moja. Jumamosi, saa moja asubuhi: madoa ya hudhurungi kuzunguka matundu, maji yameshuka vidole viwili. Skochi zikabanwa tena. Maji ya kunywa yaliongezwa katika bomba la pili. Na mwisho: Jumamosi, saa nne, mtafiti aliuliza kwa simu hali ya mabomba. Alijibiwa kuwa yako sawa. Hayakuwa sawa.

Yaya aliufikia mstari huo, kalamu yake ikasimama juu yake.

"Hii haiko chimie," alisema.

"Najua."

"Jury watacheka."

"Wacheke."

Alifikiri. Nilijua namna anavyofikiri: hakuwa anapima aibu yangu, alikuwa anapima kama mstari ule ni kipimo au ni kilio. Nilikuwa na hofu kama mtoto anayengoja matokeo ya mtihani.

"Ukiondoa," nikasema, "msomaji atajiuliza kwa nini hukurudi ziwani Jumapili."

Kalamu ilikaa hewani. Kisha akaandika namba ya ukurasa juu ya karatasi yangu, akaitoboa, akaitia ndani ya faili.

Alitetea katika kikao cha pili, kwa mabomba mapya sita aliyolala nayo yeye mwenyewe katika chumba cha nyuma kwa siku nne. Yote sita yalisema kama lile la tano: chini ya ghuba, matope yanarudisha. Mmoja wa jury, wale walimu wanaotoa alama, aliusoma mstari wangu kwa sauti, na ukumbi ukacheka kweli, kicheko kizuri, cha watu waliowahi kudanganya kwenye simu. Yaya hakucheka. Alisubiri kinyamaze, akasema mabomba manne yale ndiyo pekee yanayoonyesha kitu ambacho hakuwa amepanga kukionyesha: kwamba hewa ya usiku mmoja inatosha kuyafanya matope yaseme habari njema.

Alipata distinction. Nafasi ilikuwa imeshapata mtu miezi miwili kabla. Sasa anafundisha kemia katika shule ya wasichana, darasa la madirisha yaliyovunjika, na hunipigia simu saa ya mapumziko kuniuliza mambo madogo: mama amekunywa dawa? Umeme umerudi? Kabla ya kujibu, nasimama. Naenda kuangalia.